Kazi ya Mara Moja

Jumatatu, tarehe 18 Julai 2011, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta ya ofisi yetu mjini Mbinga, nikiligeuza tangazo la kahawa kuwa tangazo la kifo cha mama yangu.

Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa nikitafuta namna ya kuilainisha, nikashindwa. Ndivyo ilivyokuwa. Mama alifariki hospitalini saa kumi na nusu alasiri, nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mkono ulikuwa na sindano ya dripu. Muuguzi alifunga dirisha. Nilisaini karatasi mbili, nikapokea khanga zake na kikombe chake cha bati, kisha nikatembea hadi ofisini, mwendo wa dakika kumi, nikiwasalimia watu njiani na kuitikia salamu zao. Baridi ya Julai ilikuwa imeshuka mapema. Niliiwasha mashine, na wakati ikiamka nikafuta vumbi kwenye kioo chake kwa pindo la kitenge. Sikulia. Nilikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, unaugusa, na hakuna kinachojibu.

Lazima nieleze kwa nini kifo cha mama yangu kilipitia kwenye mashine.

Nilikuwa mratibu wa habari katika muungano mdogo wa vikundi vya wakulima wa kahawa. Utotoni mwangu kazi ya namna hiyo isingekuwepo. Ushirika ulikuwa mnunuzi pekee, kahawa ilikuwa na mlango mmoja, na mkulima hakuhitaji kuambiwa apeleke wapi wala lini. Soko lilipofunguliwa walikuja wanunuzi wa kila namna, kila mmoja na gari lake na mizani yake, na vijiji vikajenga mitambo yao ya kumenya kahawa mbivu ili viuze kahawa bora. Tangu hapo habari ikawa kitu cha kuwahi. Kampuni za simu ziliingia kwa uhuru huohuo, na katika miaka michache bibi aliyekuwa akilima ngoro zake, yale mashimo ya kilimo cha mteremkoni, kwa jembe la mkono alikuwa na simu iliyofungwa ndani ya leso kiunoni.

Ndipo wafadhili wakatupatia programu. Iliitwa programu ya kupanga kazi, na kwa kweli ilifanya kazi ya karani mmoja asiyechoka. Uliiambia: saa fulani ikifika, chukua orodha hii ya namba, itumie maneno haya, andika taarifa ya waliopokea na wasiopokea, kisha funga. Ukishaipanga ungeweza kwenda zako. Betri kubwa ilikuwa chini ya meza kwa ajili ya siku ambazo umeme wa mji ulikatika, nazo hazikuwa chache.

Mwezi mmoja kabla ya kifo cha Mama, niliitumia vibaya. Niliandika tangazo kwa wakulima wa kijiji kimoja: *Kesho mtambo utapokea kahawa mbivu kuanzia saa mbili asubuhi.* Nikapanga litumwe jioni, nikaondoka kwenda Songea kwenye mkutano wa siku nne. Mahali pa kujaza idadi ya marudio sikupagusa. Hatukuwa na desturi ya kuulizwa swali hilo. Kwetu tangazo husomwa kanisani baada ya misa, msomaji akafunga kitabu, na *kesho* yake ikabaki ileile. Sikufikiri kwamba duniani kuna msomaji ambaye angesimama tena jioni ya pili, na ya tatu, na ya nne, akasema *kesho* kwa sauti ileile. Mashine, isipoambiwa, ilirudia kila siku.

Siku ya kwanza watu walileta kahawa na ikapokelewa. Siku ya pili mtambo ulikuwa umefungwa, matangi yakiwa yamejaa, na watu walifika na magunia vichwani. Siku ya tatu vivyo hivyo. Kahawa mbivu haingoji. Ikilala ndani ya gunia huchacha. Niliporudi Jumatatu niliwakuta wakulima sita wamejipanga kwenye benchi la ofisi, na gunia moja likiwa katikati ya sakafu, likinuka kama pombe.

"Shikamoo mama," nilimwambia bibi aliyekuwa karibu na gunia.

"Marahaba, mwanangu. Nimwage hapa sakafuni au mezani kwako?"

"Mama, samahani sana. Ni kosa la mashine."

"Mashine ilikuwa Songea?" akauliza mzee aliyekaa pembeni yake, na wote wakacheka. "Sikiliza, Mama Mratibu. Padre akitangaza ndoa, anatangaza mara tatu ananyamaza. Wewe umetangaza mara nne. Unamwoza nani?"

"Anaiozesha kahawa yetu," bibi akasema, akalipiga gunia kwa kiganja. "Na imeshaoza."

Walicheka tena, kicheko cha watu ambao wameshakasirika njiani na sasa wamechoka. Nilicheka nao. Lakini usiku huo sikulala vizuri, na kesho yake nilimwita fundi wa programu kutoka Songea.

Fundi alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinionyesha kisanduku nilichokiruka. "Hapa. Kila siku, kila wiki, au mara moja tu. Ukichagua mara moja tu, kazi ikiisha inajizima yenyewe. Hata ukisahau, haiwezi kujirudia."

"Na ikimkuta mtu simu yake imezimwa?"

"Ujumbe unamsubiri njiani. Sasa hapo kuna jambo la pili, maana wengine watapokea *kesho* yako keshokutwa. Upe ujumbe uhai wake."

"Ujumbe una uhai?"

"Kila kitu kina uhai, mama. Huu mpe saa sita. Asiyeupokea ndani ya saa sita, basi, unakufa usije ukamdanganya."

Niliona ni busara. Nilipanga kila kitu kwa namna hiyo: mara moja tu, uhai saa sita. Katika wiki zilizofuata sikupokea lawama hata moja, nikaanza kuipenda ile kazi inayotendeka mara moja na kunyamaza.

Jioni ile ya Julai, basi, sikuunda kazi mpya. Sikuwa na akili ya kuunda kitu. Nilinakili kazi ya kahawa, nikafuta orodha ya wakulima, nikaweka orodha ya ndugu, majina arobaini na moja. La kwanza lilikuwa la mdogo wangu, anayeishi Chiwanda, kusini kabisa mwa pwani ya ziwa. Nikaandika: *Mama yetu amefariki leo Jumatatu hospitalini Mbinga. Mazishi Jumatano saa nane mchana, nyumbani kwangu.* Nikalisoma mara mbili kuona kama lina neno *kesho*. Halikuwa nalo. Niliridhika.

Mjomba, mdogo wake Mama, alinikuta hapo. Alikuwa amenifuata kutoka hospitali kwa hatua zake za fimbo. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Unafanya nini humu, mwanangu?"

"Nawaarifu ndugu, Mjomba."

"Sasa hivi? Jua linazama." Alitikisa kichwa. "Usimwambie mtu wa mbali habari ya kifo jioni. Atatoka. Atapanda gari lolote lile, na barabara ile ya ziwani unaijua kona zake. Mwache amalize usingizi wake. Kifo hakitaondoka."

Ndivyo tulivyolelewa, nami nilikuwa nimelifikiria hilo. Nilimwambia kwamba nimepanga ujumbe utoke asubuhi, saa kumi na mbili na nusu.

"Utoke wenyewe?"

"Wenyewe."

Aliitazama mashine. Kisha akasema, "Yule wa Chiwanda tumtumie mtu. Gari la alfajiri likiondoka, saa nne yuko Mbamba Bay, saa nane yuko kwake. Usiku watalala, alfajiri wataanza kupanda pamoja."

"Hakuna haja, Mjomba. Huu utawafikia wote kwa dakika moja."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mwangu kuliko nyingine yoyote niliyoisema mwaka ule. Sikuisema kwa kiburi. Niliisema kwa sababu kumtuma mtu kulimaanisha kumtafuta, kumketisha, kumweleza, kulitamka lile neno kwa kinywa changu na kuitazama sura yake akilipokea. Mashine haikuwa na sura. Na kwa mdogo wangu hasa, sikutaka.

Miaka miwili nyuma, Mama alipoanza kuvimba miguu, nilishuka Chiwanda kumchukua nimlete hospitali. Mdogo wangu alikataa. Alisema Mama amezeeka kando ya ziwa, mume wake amezikwa kando ya ziwa, na huku juu kwa Wamatengo baridi itamla mifupa. "Ukimpandisha hatarudi," aliniambia mbele ya watu. Nilimjibu kwa maneno ya mtu aliyesoma, maneno marefu kuhusu moyo na figo, na nikampandisha. Tangu siku hiyo tulisalimiana kupitia kwa Mama. Kila baada ya wiki mbili tatu mdogo wangu alituma kikapu cha usipa mkavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na maelezo ya namna ya kuupika. Kikapu kilikuwa cha Mama. Mimi nilikuwa mpishi tu.

Nilibonyeza kitufe cha kuthibitisha. Mashine ikauliza: *Mara moja tu?* Nikajibu ndiyo. Tukaenda nyumbani kuandaa msiba.

Asubuhi ya Jumanne, saa moja kamili, nilipita ofisini. Kwenye kioo kulikuwa na alama ya kijani na maneno: *Imekamilika. Mara zilizobaki: 0.* Chini yake kulikuwa na kiungo cha kufungua taarifa. Sikukifungua. Simu yangu ilikuwa imeanza kulia, ndugu mmoja baada ya mwingine wakinipa pole, na kila pole ilikuwa ushahidi kwamba kazi imetendeka. Niliizima mashine.

Ninaposema nilikuwa na ganzi sitaki kueleweka kwamba sikufanya kitu. Nilifanya kila kitu. Nilikodi turubai, nilihesabu sufuria, niliongea na katekista, niliwapangia wanawake zamu za kuni. Watu walinisifu kwa ujasiri. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yalipita barabarani yakitikisa vikombe, nami nilikuwa nikivishika vikombe visianguke, na kazi hiyo niliiona kubwa kama nyingine zote.

Jumatano saa saba Mjomba alinivuta kando.

"Wa Chiwanda?"

"Ameshapata, Mjomba."

"Umeongea naye?"

"Ujumbe umefika. Wote umewafikia."

"Sikukuuliza ujumbe."

Nilikwenda kuhesabu sahani. Ndugu wawili waliokuja kutoka Mbamba Bay walikuwa wamedhani ametangulia, kwa kuwa yeye ni mtoto na wao ni wa ukoo tu. Saa nane ilifika. Mjomba alimwomba padre tusubiri kidogo, na padre akakubali, ingawa alikuwa na maziko mengine kijiji cha pili. Tulisubiri nusu saa. Watu waliitazama barabara. Nami niliitazama, na niliyoyafikiri nayakumbuka: kwamba amepata ujumbe, amekasirika, ameamua kutokuja. Nilimlaumu. Nilisimama kando ya kaburi la mama yetu nikimlaumu mdogo wangu kwa moyo mgumu wake.

Mtoto wa kwanza hutupa udongo, kisha wa pili. Nilitupa wa kwangu. Mahali pa wa pili palikuwa wazi, na Mjomba akaniashiria kwa kidevu, nikainama tena nikatupa wa kwake.

Alhamisi asubuhi, turubai likiwa bado halijashushwa, alikuja mama anayefanya biashara ya maharage kati ya Mbinga na Mbamba Bay. Ni mwanamke wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani ya bahari, mwenye sauti ya kusikika sokoni kote, na ndiye aliyekuwa akituletea vikapu vya usipa. Aliingia uani akiwa ameanza kupiga kelele tangu nje.

"Hodi hodi! Bibi yuko wapi? Mwanawe amenipa onyo, anasema usipa huu usikaangwe, uchemshwe tu, meno ya Bibi hayawezi..." Aliona turubai. Aliona wanawake waliokaa chini. Kikapu kikashuka kutoka kichwani mwake taratibu, kana kwamba mtu mwingine alikuwa akikishusha. "Jamani. Nani?"

"Mama," nilisema.

"Bibi?" Alikaa chini palepale, kwenye vumbi. "Lini?"

"Jumatatu. Tumezika jana."

"Jana." Alinitazama, kisha akakitazama kikapu. "Dada, mimi nimetoka Mbamba Bay leo alfajiri. Kikapu hiki mwenzio amenikabidhi mwenyewe jana mchana gatini, kwa mkono wake. Alikuwa anacheka. Aliniambia mwambie Mama nitapanda mwezi wa nane. Mbona huku juu kuna turubai na kule chini mtu anacheka?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua mchele aliacha kuchambua.

"Hajui," mama wa maharage akasema. "Mmemzikia mtu mama yake naye hajui."

Nilisema kwamba nilituma ujumbe. Aliniuliza nilimtuma nani. Nikasema ulikuwa ujumbe wa simu. Akakisogeza kikapu kwangu. Kisha akasema, si kwa ukali, "Kesho nashuka. Nitamwambia mimi. Usimpigie. Nitafika, nitaketi, nitakunywa maji yake kwanza."

Nilichukua kikapu. Niliuchemsha usipa kama ulivyoagizwa, bila mafuta, na tukaula sote waliokuwa msibani. Sikuhisi ladha yake.

Mchana ule, nikiosha sufuria, nilimkumbuka mtu ambaye sikuwa nimemkumbuka kwa miaka mingi. Baba alipofariki kule ziwani nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana. Mjumbe alitumwa kwa miguu na kwa lori. Alifika asubuhi nami nikiwa nimepelekwa shambani pamoja na darasa zima. Mwalimu wa zamu alimwambia aache ujumbe, utafikishwa. Alikataa. Aliketi kando ya ukuta wa jiko la shule tangu asubuhi hadi tuliporudi alasiri, hakula, hakumwambia hata mpishi alichokuja nacho. Aliniamkia kana kwamba amekuja kunisalimu. Aliniuliza juu ya masomo. Alipokwisha kuniona nimeketi, ndipo aliposema. Wakati ule nilidhani ni mtu mzito wa akili.

Mama wa maharage alirudi baada ya siku saba. Alinikuta ofisini na hakutaka kiti.

"Nimemwambia. Alilia, akanyamaza, akaniuliza maswali. Akataka kujua siku na saa. Nikamwambia ujumbe ulitoka Jumanne asubuhi. Unajua kilimani nyuma ya shule, wanapopanda kutafuta mtandao? Anasema Jumanne hiyohiyo alipanda, saa tisa alasiri, kumpigia mtu wa nyavu. Simu ilishika vizuri. Haikuwa na kitu."

"Haikuwa na kitu?"

"Ndivyo alivyosema. Na amesema nikwambie hivi, nami nakwambia kama alivyosema, usinichukie: 'Dada asinidanganye kwa mtandao. Alimpandisha Mama peke yake, amemzika peke yake.'"

Alipoondoka nilifungua taarifa ambayo ilikuwa ikinisubiri tangu Jumanne ile. Mistari arobaini ilikuwa ya kijani. Mstari wa kwanza, wa jina la kwanza, ulikuwa wa kijivu: *Haukupokelewa. Uhai wa ujumbe umekwisha saa 6:30 mchana. Kazi haitarudiwa.*

Saa sita na nusu mchana. Yeye alipanda saa tisa. Kama ningekuwa sijaupa ujumbe uhai wa kahawa, angeukuta kilimani, angeteremka akiwa na usiku mzima na asubuhi nzima ya kusafiri, na nafasi ile kando ya kaburi isingekuwa wazi. Kama ningefungua taarifa Jumanne, ningemtuma mtu mchana uleule. Nilikaa nikiyapanga haya kwa utulivu, kama mtu anayesoma mchoro wa bomba. Karibu na jina la kazi palikuwa na kitufe kidogo: *Endesha tena.* Niliuweka mshale juu yake. Ningekibonyeza, watu arobaini na moja wangearifiwa kwamba mama yangu amefariki leo Jumatatu. Niliuondoa mshale.

Mjomba, nilipomweleza, aliegemea fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mwambie ni mtandao," alisema.

"Amekataza, Mjomba. Na si kweli."

"Nusu yake ni kweli. Mwanangu, ubebeshe mtandao. Mtandao hauna ukoo, hautakasirika. Wewe na yeye mmebaki wawili."

Alikuwa akinionea huruma, na ushauri wake ungefanya kazi. Huku kwetu mtandao umeshabeba makosa ya watu wengi na hakuna anayeuliza zaidi. Nilijaribu kumpigia mdogo wangu siku hiyo, na siku iliyofuata, na kwa wiki nzima. Simu haikupatikana, au ilipatikana na haikupokelewa. Niliacha kupiga. Mwanzoni mwa Agosti nilianza barua, nikaichana. Nilianza nyingine. Hii ndiyo niliyoituma.

*Mbinga, 10 Agosti 2011*

*Mdogo wangu,*

*Sitakuuliza hali, kwa kuwa naijua. Ya kwangu ni kwamba nakula na ninalala na ninakwenda kazini, na sijalia bado.*

*Ulisema nisikudanganye kwa mtandao. Haukuwa mtandao. Mjomba alitaka kumtuma mtu kwako alfajiri ya Jumanne, nikamkatalia. Nilitumia mashine ya ofisini, ile ya matangazo ya kahawa. Niliiambia itume mara moja, na kwamba asiyepokea kabla ya saa sita na nusu mchana asitumiwe tena. Sikukusudia hilo juu yako. Lilikuwa limebaki humo kutoka kwenye kahawa, nami sikulitazama. Asubuhi mashine iliandika kwamba jina lako bado halijapata. Sikusoma. Mjomba aliniuliza mara mbili kama umepata, nami nilisema ndiyo mara mbili. Watu wakakusubiri nusu saa, na mimi kaburini nilikuwa nimekasirika nawe. Hayo ndiyo yote. Mtu akikueleza vinginevyo ananionea huruma.*

*Wala sikutumia mashine kwa sababu ya haraka. Sikutaka kukwambia kwa kinywa. Ulisema nikimpandisha hatarudi, na hakurudi.*

*Usipa ulifika Alhamisi. Niliuchemsha, sikuukaanga. Udongo wako niliutupa mimi baada ya wangu.*

*Msalaba haujawekwa. Nimemwomba Mjomba tusiuweke hadi uwepo, naye amekubali. Misa ya arobaini ni Jumamosi tarehe 27. Ukiona huwezi kupanda kwa ajili yangu, panda kwa ajili yake, nami sitakusemesha mpaka utake. Ukiona hata hilo huwezi, nitashuka mimi, na misa itasomwa Chiwanda karibu na Baba, na udongo wa huku nitauleta kwenye kikombe cha bati cha Mama.*

*Barua hii nimempa mama wa maharage. Nimemwomba asiiache mlangoni wala asimpe mtoto. Kama uko ziwani akusubiri, na kama siku hiyo hurudi, arudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka akukute umeketi.*

*Dada yako.*